Samaki wa chumvi wamegeuka wekundu: niwatupe? Na chupa ya "bakteria wala chumvi" je?

"Hujambo mtaalamu? Mimi ni mama wa Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kazi yangu ni kutia samaki chumvi: papa, taa, nguru, na jodari wakipatikana. Chumvi nanunua ya gunia, ile ya chembe kubwa itokayo kwenye mabwawa ya hapa hapa. Kaskazi hii mapipa yangu yamenifanyia visa. Samaki wamebadilika rangi, kwanza waridi kisha nyekundu, wengine wanateleza ukiwashika na wana harufu isiyo ya ng'onda. Jirani yangu anasema ni kemikali za kampuni, kwa sababu maji ya mabwawa yao nayo ni mekundu kama sharubati. Mama mkwe anasema ni damu haikuoshwa vizuri. Mwanangu aliye chuoni ameniambia ni vijidudu vinavyopenda chumvi, na kwamba ng'ambo watu wanavifanyia biashara kubwa. Siku hizo hizo akapita kijana anauza chupa ya lita moja kwa shilingi 2,500, 'bakteria wala chumvi', eti ukimimina kisimani na shambani chumvi yote itaisha. Na kweli kisima chetu kimezidi chumvi. Niwatupe samaki? Ninunue chupa? Na hayo maji mekundu yana pesa, au ni maneno tu?"

Sijambo dada, na pole kwa hasara. Nianze na la samaki, maana samaki hawangoji maelezo marefu. Wale walioteleza, wakalainika na kunuka, watupe, wala usiwachanganye na wazima. Papa na taa walio na rangi juu juu tu, nyama yao bado ngumu, wanaweza kuokolewa ukiwahi, na nitakueleza namna. Jodari na nguru wenye wekundu usiwauze, hata kama wanaonekana wazuri. Sababu nitaitoa mbele. Chupa usinunue. Na pesa ipo, ila haiko pale unapoambiwa.

Mwanao amesema kweli. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Yakiingizwa kwenye mabwawa, jua na upepo huyapunguza, yanahamishwa bwawa hadi bwawa, mpaka yafikie kiasi cha gramu 260 kwa lita, na hapo ndipo chumvi tunayokula inaanza kuganda chini. Kufikia hatua hiyo samaki, kaa, uduvi wa kawaida na karibu kila kiumbe kilichoingia na maji ya bahari kimeshakufa. Wanaobaki ni wachache waliozaliwa kwa ajili ya ukali huo, na kwa kuwa hawana mshindani wala wa kuwala, wanaongezeka mpaka maji yanabadilika rangi. Wakubwa wao ni wawili. Mmoja ni mwani mdogo sana uitwao Dunaliella salina, ambao kwa asili ni wa kijani lakini chumvi na jua vikizidi hujijaza karotini, ile rangi ya karoti. Mwingine ni Halobacterium salinarum. Huyu jina lake linadanganya: si bakteria, ni arkea, tawi la uhai ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga na bakteria mwaka 1977. Rangi yake nyekundu ni kinga yake ya jua, maana bwawa la chumvi halina kivuli.

Sasa, kwa nini chumvi inayoua wengine haimuui huyu? Chumvi huhifadhi samaki kwa kuvuta maji. Seli ya bakteria wa kawaida wa kuozesha ikizungukwa na chumvi nyingi, maji yake hutoka nje, inanyauka na kazi zake zinasimama. Halobacterium amelipatia jambo hili ufumbuzi wa ajabu: naye hujijaza chumvi ndani, hasa ya potasiamu, hata ndani na nje vikalingana. Lakini amelipa gharama. Protini zake zote zimeumbwa kufanya kazi zikiwa zimezungukwa na chumvi. Ukiiondoa, zinajikunjua na kuharibika, na ganda lake halishikani tena. Chumvi ikishuka chini ya asilimia 10 hadi 15 hivi, anapasuka. Maji matamu, kwake, ni sumu. Jambo hili lishike, dada, maana maswali yako yote yanarudi hapo.

Kwa hiyo wekundu wa mabwawa peke yake si dalili ya kemikali. Ziwa Magadi, ambako magadi ya kupikia maharage hutoka, lina wekundu wa jamaa hao hao; mmoja wao amepewa jina la ziwa lenyewe, Natrialba magadii. Watu wa mabwawa ya chumvi huufurahia wekundu huo, kwa sababu maji yenye rangi hunywa joto la jua zaidi na hukauka upesi. Hata hivyo sitaki jirani yako aonekane mtu wa uzushi tu. Watu wa Magarini, eneo lenu, wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu viwanda vya chumvi, ya ardhi, ya mikoko na ya visima kuingia chumvi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani na kutoa ripoti mwaka 2006. Hayo yana haki ya kuulizwa na kupimwa. Ila mkipeleka rangi nyekundu kama ushahidi, mtashindwa siku ya kwanza, na hoja zenu za kweli zitaonekana dhaifu pamoja nayo.

Mama mkwe naye mpe heshima yake. Damu ikikaa kwenye chumvi huwa ya kahawia, haiwi waridi, wala haisambai siku baada ya siku. Lakini damu na utumbo uliobaki ni chakula kizuri kwa vijidudu hivi. Samaki aliyeoshwa vibaya huwa mwekundu upesi zaidi, kwa hiyo agizo lake la kuosha ni sahihi ingawa sababu ni nyingine.

Wamefikaje pipani? Wamekuja na gunia. Chembe ya chumvi inapoganda bwawani hufungia ndani yake vitone vidogo vya maji ya chumvi, na ndani ya vitone hivyo arkea hukaa hai kwa muda mrefu sana. Chumvi yoyote ya jua inao. Si mkosi wa Gongoni. Wenzetu wa Atlantiki ya kaskazini waliotia samaki wao chumvi ya jua waliona wekundu huu huu wakati wa joto, na mtaalamu wa mimea William Farlow aliuchunguza kule Marekani tangu karne ya 19. Kilichofanya mwaka huu uwe mbaya kwako huenda ni joto. Halobacterium hustawi sana kwenye nyuzi 37 hadi 45 za selsiasi, na kwenye nyuzi 10 karibu asikue kabisa. Pipa lililo chini ya paa la bati wakati wa kaskazi ni nyumba waliyojengewa. Hujanieleza, lakini nauliza: ile chumvi inayobaki chini ya pipa, mnairudia kwa samaki wapya? Na maji ya chumvi yaliyotoka kwenye samaki wa kwanza? Ikiwa ndivyo, hapo ndipo shida ilipo kuliko penginepo. Kila ukirudia, unapanda mbegu iliyokwisha kuzoea samaki.

Sasa kuokoa. Papa au taa mwenye rangi juu tu, msugue kwa maji matamu safi, si ya pipa la zamani. Arkea wengi watapasuka hapo hapo. Wachache, hasa jamii ya Halococcus ambao ganda lao ni nene, hawapasuki, kwa hiyo usitegemee kuosha peke yake. Mpake chumvi mpya safi, kisha mwanike juu ya chanja, sehemu yenye upepo, akauke sawasawa. Kukauka ndiko kunakomaliza kazi. Samaki akikauka kupita kile kiwango ambacho chumvi yenyewe hushika maji, hata arkea hawezi kuongezeka. Lakini hapa pwani kuna mtego: hewa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani, na usiku wetu mwingi unazidi hapo. Ndiyo maana ng'onda aliyekuwa mkavu jioni anaamka ana jasho. Mtoe chanjani kabla jua halijazama, mfunike vizuri, umrudishe jua likishapanda. Ukimwacha nje usiku, kazi ya mchana unaifuta.

Kwa safari ijayo, fua mapipa na visu kwa maji matamu ya moto na uyaanike juani. Pima chumvi, usikisie: kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki ni kiasi kizuri kwa kutia chumvi kavu. Chumvi ya gunia unaweza kuikaanga kidogo kidogo kwenye karai mpaka iwe moto kabisa, ikapoa, ndipo uitumie. Ni kazi na ni kuni, sikufichi. Kwa wauzaji wengi gharama haifai kwa mzigo wote. Ukishindwa, kaanga ile ya kupaka mwisho tu kabla ya kuhifadhi, na pipa lihamishe kivulini chini ya makuti badala ya bati. Kati ya hayo yote, kivuli na kutorudia chumvi ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu hayakugharimu kitu.

Harufu ichukulie kwa uangalifu. Papa na taa wana urea nyingi mwilini, na ikivunjika hutoa harufu kali ya amonia hata samaki akiwa hajaharibika vya kutisha. Hivyo kwa hao wawili, vidole vyako ni mashahidi bora kuliko pua: bonyeza nyama, angalia kama inarudi au inabonyea kama uji, na kama utelezi unarudi baada ya kuosha.

Kuhusu afya, wekundu wenyewe haujulikani kuleta ugonjwa kwa mtu. Hatari ni ile inayoweza kuandamana nao. Jodari, nguru na vibua wana kitu kwenye nyama yao ambacho bakteria wa kawaida hukigeuza kuwa histamini, hasa samaki anapokaa kwenye joto kabla ya kutiwa chumvi, tuseme mashua ilichelewa na barafu ikaisha. Histamini haionekani, haina harufu ya kutegemewa, na haiishi kwa kupikwa wala kwa kutiwa ndimu. Arkea hawakuileta, lakini samaki mwekundu ni samaki aliyekaa kwenye joto, na wewe huwezi kujua joto hilo lilianza lini. Ndiyo sababu nikasema jodari na nguru hao usiwauze. Mtu akila samaki, kisha ndani ya dakika chache au saa moja mbili uso ukawaka moto, kichwa kikagonga, vipele vikatoka, moyo ukaenda mbio, mpelekeni kituo cha afya na mseme alikula samaki gani. Akianza kupumua kwa shida, msingoje hata kidogo.

Twende kwenye chupa. Hapa nimekasirika kidogo, kwa sababu anayeuza amechukua jambo la kweli akaligeuza kichwa chini. Vijidudu hivi havili chumvi. Chakula chao ni vipande vya protini, mwani uliokufa, na kwa bahati mbaya samaki wako. Chumvi ni mahali wanapoishi. Samaki anaishi baharini, wala hatujasikia bahari imepungua kwa sababu samaki ameila. Tena chumvi ni sodiamu na klorini, na hakuna kiumbe kinachoweza kuzivunja zikawa kitu kingine. Inaweza kuhama, kuchujwa, kuoshwa ishuke chini, kuisha haiishi.

Na tazama hesabu yenyewe. Kama kweli ndani ya chupa mna Halobacterium walio hai, basi lazima chupa ijazwe maji ya chumvi kali, la sivyo wangekuwa wameshapasuka. Kwa hiyo utalipa shilingi 2,500 umimine chumvi kisimani. Nao wakigusa maji ya kisima chako, ambayo hata yakiwa mabaya kiasi gani hayafiki robo ya chumvi ya mabwawa, watapasuka. Kama ndani mna bakteria wa aina nyingine, basi jina la chupa ni uongo. Njia zote mbili umepoteza. Siku akipita tena muulize maswali mawili tu: kiumbe hiki kinaitwaje, na kinaishi kwenye chumvi kiasi gani? Asipoyajibu, mwache aende.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Wapo bakteria wa udongoni wanaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mmea kuvumilia chumvi, na watafiti wanawafanyia kazi kwa dhati. Lakini wanaosaidiwa ni mmea. Chumvi inabaki pale pale, na matokeo hutofautiana shamba na shamba. Mchicha wako utafaidika zaidi na samadi, matuta yaliyoinuka na mvua ya masika iliyoachwa iingie ardhini ioshe chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi maji yana njia ya kutokea.

Kisima kina habari yake. Ukanda wetu, maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari, mepesi juu ya mazito. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kiasi cha mita 40 chini yake. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni huo: ukivuta kwa nguvu ukateremsha maji ya juu kidogo tu, ya chini hupanda sana. Watu wengi kisima kikiingia chumvi huchimba zaidi, na hapo ndipo wanapoifuata chumvi nyumbani kwake. Fanya kinyume. Acha pampu, vuta kidogo kidogo kwa siku nzima, na maji ya mvua ya paa yahifadhiwe kwa kunywa na kuoshea samaki. Lamu wanalijua hili: mji umetegemea maji ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na ndiyo sababu ujenzi juu ya matuta hayo huzua kelele. Na kama mnashuku mabwawa ya chumvi yanavuja kuja kwenu, hilo linapimika. Kifaa cha kupima chumvi ya maji ni kidogo na rahisi kutumia. Andikeni vipimo vya visima kadhaa, vya karibu na vya mbali, kwa tarehe, kiangazi na masika. Daftari kama hilo lina nguvu kuliko maandamano.

Sasa pesa. Mwanao hakukudanganya, biashara ya vijidudu vya mazingira makali ni kubwa na ya zamani. Kipimo cha korona cha kijiti puani, kile kilichopelekwa maabara, kilitegemea mmoja wao. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimtoa kwenye chemchemi ya moto ya Yellowstone, Marekani, wakamtangaza mwaka 1969 kwa jina Thermus aquaticus. Anastawi kwenye nyuzi 70. Kary Mullis alipobuni mwaka 1983 njia ya kurudufu vinasaba, ile inayotumika kwenye kipimo hicho, ilibidi mchanganyiko upashwe moto karibu nyuzi 95 tena na tena, na kila mara kimeng'enya cha kawaida, yaani protini inayofanya kazi hiyo ya kurudufu, kilikufa. Cha Thermus hakikufa. Mullis akapata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Katika migodi, bakteria wanaopenda tindikali hutumika kutoa shaba kwenye mawe hafifu kule Chile, na huko Fairview, Afrika Kusini, wanafungua mawe ya dhahabu tangu mwaka 1986. Bakteria wa chumvi aitwaye Halomonas elongata hutoa ektoini, kitu kinachoilinda seli isikauke, na siku hizi kimo kwenye krimu za ngozi.

Lakini angalia kinachouzwa. Si maji, na mara nyingi si kijidudu chenyewe. Ni kimeng'enya chake, au vinasaba vyake vilivyohamishiwa kwenye kiumbe kipole kinachofugwa kiwandani kwenye mapipa ya chuma. Chemchemi ya Yellowstone haikupelekwa popote. Tone moja lilitosha. Ndiyo maana hakuna atakayekuja Gongoni na lori kununua maji mekundu, na anayekuambia uyakusanye kwenye madebe uyauze hajui anachosema. Thamani hutoka ndani ya chupa ndogo ya mfukoni, na ikishatoka haihitaji kurudi tena.

Kenya tulijifunza hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Miaka ikapita, vimeng'enya vilivyohusishwa na sampuli hizo vikawa vinauzwa na kampuni ya Genencor kwa sabuni za kufulia na kwa kuzipa suruali za jinsi sura ya kuchakaa, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likadai hadharani mgao wa faida kwa ajili ya Ziwa Bogoria. Mwaka 2007 KWS ikaingia makubaliano ya namna nyingine, mapema na kwa maandishi, na Novozymes ya Denmark. Kati ya hayo mawili zilitungwa kanuni za 2006: anayetaka kuchukua rasilimali ya vinasaba lazima awe na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na wenye mahali waelezwe na waridhie kabla. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, inasema hayo hayo kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo mgeni akija na vichupa kando ya mabwawa, mkaribisheni, kisha mwombeni kibali chake mkisome pamoja na mzee wa kijiji. Mtafiti wa kweli anacho na hakasiriki kuulizwa.

Biashara mbili ziko karibu zaidi na mkono wako. Ya kwanza ni karotini ya Dunaliella, inayolimwa Australia na Israeli. Inataka mabwawa yake maalumu na mtambo wa kuvuna, kwa hiyo ni kazi ya kampuni au ushirika wenye mtaji, si ya mtu mmoja. Ya pili ni artemia, mdudu jamii ya uduvi anayekula mwani wa maji ya chumvi na ambaye mayai yake makavu huanguliwa yakawa chakula cha vifaranga wa samaki na kamba. Majaribio ya kumfuga kwenye mabwawa ya chumvi ya ukanda wenu yalianza tangu miaka ya 1980, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina wataalamu wake. Kama kikundi chenu cha akina mama kinataka kujaribu kitu, ningeanzia kwa artemia. Mayai yana soko na yanahifadhika makavu, ingawa msimu mbaya wa mvua unaweza kuyeyusha chumvi ya mabwawa na kufuta mavuno.

Vipo visivyoweza kujibiwa kwa maandishi. Kama pipa jingine nalo litageuka baada ya kubadilisha chumvi na kuhamia kivulini, nenda kwa afisa wa uvuvi wa kaunti pale Malindi, naye akuelekeze maabara, iwe KMFRI Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Usimuoshe samaki unayempeleka. Mtie kwenye mfuko safi, na kwenye mfuko wa pili weka vijiko vichache vya chumvi kutoka gunia lile lile, kutoka katikati, si juu. Andika siku aliyovuliwa, siku aliyotiwa chumvi, na kama chumvi ilikuwa mpya au ya kurudia. Hilo la mwisho watakuuliza kwanza, kwa hiyo waambie kweli hata kama mama mkwe amekaa karibu.